Seyyid Barghash na Saa Zake

Mwaka huu nimepewa nafasi niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Wengi huchagua wanasoka au wapigania uhuru, na si vibaya. Mimi nimemchagua mfalme, tena mfalme aliyeutawala huu mji wetu wa Mombasa ingawa makao yake yalikuwa Unguja. Jina lake ni Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar tangu mwaka 1870 mpaka 1888.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini Barghash? Sababu yangu ni saa. Sisi tunaosoma shule ya kutwa hapa Kizingo twaijua taabu ya saa. Kuna wanaovuka feri kutoka Likoni, kuna wanaopanda matatu kutoka Kisauni na Changamwe, na kuna sisi wa Mji wa Kale tunaokuja kwa miguu. Kengele ikilia lango hufungwa, na aliyebaki nje huokota taka. Hapo ndipo utasikia lile neno lisilonipendeza hata kidogo, ati Mswahili hana saa, ati watu wa pwani wamezaliwa kuchelewa. Sisi wenyewe twalisema kwa mzaha, nalo linazoeleka. Basi nikaona nimtafute mtu wa pwani aliyezipenda saa kweli kweli, tuyatazame maisha yake, kisha tuamue kama neno hilo lina ukweli au ni kejeli tu.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Barghash alizaliwa Unguja mnamo mwaka 1837 hivi. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, na ambaye mwaka huo huo wa 1837 aliitwaa Mombasa kutoka mikononi mwa Wamazrui. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Ndugu zake wa baba mmoja walikuwa wengi mno, na katika nyumba yenye watoto wengi kila mtoto hujifunza mapema kupigania zamu yake.

Jumba alilokulia lilikuwa na saa nyingi. Haya twayajua kwa dada yake, Seyyida Salme, aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kitabu cha kumbukumbu zake. Ameeleza jinsi kuta za vyumba vya wakubwa zilivyopambwa kwa vioo vikubwa, vyombo vya kauri na saa. Nyumba moja iliweza kuwa na saa nyingi, tena za thamani kubwa, zimepangwa kama sisi tunavyopanga vikombe vya zawadi katika afisi ya mwalimu mkuu. Saa ilikuwa pambo na ilikuwa heshima.

Lakini tusije tukadhani kwamba Barghash alifunga saa mkononi kama sisi. Zama zile mwanamume aliyekuwa na saa aliitia mfukoni, ikiwa na mnyororo. Saa za mkono zilienea kwa wanaume baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, yaani baada ya 1918, na Barghash alikuwa kaburini miaka thelathini.

HESABU YA SAA YA KWETU

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana bila jambo hili hatutamwelewa mtu wetu.

Saa zile zilitengenezwa Ulaya, lakini zikifika Unguja zilisomwa kwa hesabu ya huku. Siku ya Mwislamu huanza jua likizama. Ndiyo maana wazee wetu wakisema usiku wa Ijumaa huwa wanataja ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, nayo siku inayoifuata Ijumaa huitwa Jumamosi, siku ya kwanza. Basi jua likitua na adhana ya magharibi ikisikika, mwenye saa aliitia kwenye kumi na mbili. Saa moja baada ya hapo ni saa moja ya usiku. Kukipambazuka hesabu huanza upya, saa moja ya asubuhi, saa mbili, na kuendelea.

Wageni wengi hushangaa wakisikia saa mbili ilhali mshale unaonyesha nane. Hudhani tumekosea. Lakini fikiri vizuri. Hapa Mombasa jua hutua baina ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, na saa kumi na mbili na dakika arubaini na tano. Mwaka mzima tofauti haizidi sana nusu saa. Basi jua letu lenyewe ni saa, na mtu aliyeifuata hakupotea. Huko London mambo ni mengine kabisa. Mwezi wa Disemba jua hutua hata saa kumi ya jioni haijafika, na mwezi wa Juni, bila kusogeza saa mbele kama wafanyavyo siku hizi, hutua saa mbili na dakika ishirini za usiku. Wao huanza hesabu yao usiku wa manane, na jua lao haliaminiki. Sisi la kwetu laaminika. Hiyo ni hesabu kama hesabu nyingine, tena ina akili yake.

Na tukumbuke kwamba mtu wa dini huipima siku yake kwa sala tano, alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Kila moja ina wakati wake, na wakati ukipita umepita. Ati watu wa namna hiyo ndio wasemwao hawajui wakati!

ALIYEWAHI MAPEMA MNO

Tarehe 19 Oktoba 1856 Seyyid Said alifariki akiwa safarini baharini karibu na Shelisheli, akirudi kutoka Arabuni. Barghash, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, alikuwa naye merikebuni. Merikebu ilipofika Unguja, Barghash aliushusha mwili wa baba yake usiku, akamzika, kisha akajaribu kuushika utawala kabla watu hawajaamka. Askari wa ngome hawakumkubali. Kulipokucha, aliyekuwa sultani ni ndugu yake, Seyyid Majid.

Mwaka 1859 akajaribu tena. Baadhi ya dada zake walimsaidia, akiwemo Salme, na wafuasi wake wakajifungia katika shamba moja lililoitwa Marseilles. Waingereza walimsaidia Majid, nguvu za Barghash zikavunjika, naye akapelekwa Bombay uhamishoni kwa muda wa kama miaka miwili.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na hapa methali imetimia. Hata hivyo uhamisho ule ulikuwa shule. Bombay ilikuwa bandari kubwa, na tangu mwaka 1853 ilikuwa na gari moshi, la kwanza la abiria katika Bara Hindi. Gari moshi ni tofauti na jahazi. Jahazi husubiri upepo, kaskazi ya kujia na kusi ya kurudia, na nahodha hawezi kukwambia ataondoka saa ngapi. Gari moshi huondoka kwa saa, uwepo usiwepo. Kijana aliyetoka katika nyumba ya saa za mapambo sasa alikuwa akiishi katika mji ambamo saa iliamrisha watu.

Aliporudi Unguja mwaka 1861 alitulia. Alingoja miaka tisa. Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash alishika utawala bila vita.

MFALME MJENZI

Mwanzo wa utawala wake haukuwa wa raha. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuharibu merikebu zake. Mwaka uliofuata Waingereza walimshurutisha aache biashara ya utumwa ya baharini. Kwanza alikataa. Walipotishia kuufunga mlango wa bahari kwa manowari, alitia sahihi, tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hapa sitamsifu wala sitamtetea. Jambo lile lilipasa kufanywa kitambo, na kwa wale waliouzwa pale kila siku ya kuchelewa ilikuwa siku ya minyororo. Tukizungumza juu ya kuchelewa tusisahau na kuchelewa kwa namna hii, ambako aliyeumia siye aliyechelewa.

Pale palipokuwa na soko pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana, na inasimuliwa kwamba saa ya mnara wake ni zawadi ya Seyyid Barghash. Sultani Mwislamu kutoa saa kanisani! Mwenye kuzipenda saa, hupenda wengine nao wazione. Na kwetu Mombasa tunayo kumbukumbu ya miaka hiyo. Watu waliookolewa utumwani waliwekwa Freretown mnamo 1875, na kengele iliyolizwa kuwaonya wakikaribia wawindaji wa watumwa ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni. Ukipita kwa matatu kuelekea Nyali, ile si kengele ya shule, ni kengele ya uhai.

Januari 1875 Mombasa ilimpa Barghash kazi. Akida aliyekuwa Fort Jesus aliasi, na manowari mbili za Kiingereza zikaipiga ngome kwa mizinga mpaka akasalimu amri. Miezi michache baadaye sultani alikwenda Uingereza kwa mwaliko. Alifika London mwezi wa Juni, akapokewa na Malkia Victoria, akatembezwa kwa gari moshi kuona miji na viwanda, na kurudi kwake akapitia Paris na Misri. Nami hujiuliza, saa yake ya mfukoni aliitia vipi kule? Juni ndio mwezi ambao jua la London hukawia kutua kuliko miezi yote. Mtu aliyezoea kumi na mbili ya magharibi, akiwa Uingereza mwezi huo angekuwa akiisubiri magharibi hadi saa mbili na dakika ishirini kwa hesabu ya wenyeji wake. Kuvuka bahari si mchezo, hata jua hukugeuka.

Aliporudi alianza kujenga kwa nguvu. Alileta maji safi ya bomba mjini kutoka chemchemi ya nje ya mji, na watu waliyapata bila malipo. Alijenga hamamu, majumba ya Maruhubi na Chukwani, alipata kiwanda cha kuchapa vitabu, na mwaka 1882 alitoa sarafu zenye jina lake. Mwaka 1883 alimaliza jumba kubwa kuliko yote, Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ambalo liliwashwa taa za umeme wakati miji mingi ya Afrika Mashariki haijui umeme ni nini.

Na mbele ya jumba lile, ufuoni, akasimamisha mnara mrefu. Juu ulikuwa na taa ya kuongozea vyombo na ulikuwa na saa. Kabla ya hapo saa zilikuwa za matajiri, zimefungiwa ndani ya vyumba vya wakubwa. Kuanzia hapo mchukuzi, mvuvi, mwuza samaki na mtoto wa chuoni waliweza kuinua macho wakajua ni saa ngapi. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko umeme. Saa ya mfukoni ni ya mwenye mfuko, saa ya mnara ni ya kila mwenye macho.

SAA ZA WENGINE

Sasa nafika mahali pa uchungu.

Barghash alielewa kwamba dunia inaanza kwenda mbio. Tangu mwisho wa 1872 meli ya barua ilikuja Unguja kila mwezi kwa tarehe maalumu. Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden, na habari iliyochukua majuma kufika London sasa ilifika haraka mno. Hakuikataa hata moja katika mambo hayo. Lakini waya uliomletea yeye habari uliwapelekea wengine amri.

Tazameni tarehe hizi. Mwezi wa Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, Marekani, wakakubaliana kwamba hesabu ya saa za dunia ianzie Greenwich, Uingereza. Mwezi wa Novemba, mkutano mwingine ukafunguliwa Berlin, wa mataifa yaliyotaka kupanga masharti ya kuigawana Afrika. Katika mkutano wa kwanza Zanzibar haikuwa na kiti. Katika wa pili pia haikuwa na kiti. Na wakati ule ule wa Novemba na Disemba, Mjerumani Carl Peters alikuwa bara, Usagara na nchi za jirani, akiwatilisha machifu sahihi kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Mapema mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ikatangaza kwamba nchi hizo ziko chini ya ulinzi wake.

Barghash alimpelekea Kaisari wa Ujerumani simu ya kulalamika. Jibu lilikuja kwa manowari. Agosti 1885 meli za vita za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, mbele ya mnara wake wa saa, akapewa muda mfupi wa kujibu. Ndani ya msafara ule alikuwemo dada yake Salme, ambaye hawakuwa wameonana kwa karibu miaka ishirini. Sultani alikubali.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana baina yao, zikamwachia visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi tu. Mombasa ilikuwa ndani ya ukanda huo. Mei 1887 akaikodisha pwani yetu kwa chama cha Waingereza cha William Mackinnon. Bendera nyekundu ya sultani iliendelea kupepea Fort Jesus mpaka mwaka 1963, lakini amri ilikuwa imehama zamani.

Hapa ndipo nilipoona maana ya maisha yake. Barghash hakuchelewa kwa uvivu. Alijenga mapema, alileta simu mapema, aliwasha umeme mapema. Alikuwa na saa nyumbani, saa mnarani, na saa aliyowapa wenziwe. Lakini kuwa na saa ni jambo moja na kuumiliki wakati ni jambo lingine. Waliopanga mikutano ndio waliopanga wakati, na yeye aliletewa tu habari kwamba muda umekwisha. Mtu akiwekewa saa na mwenye mizinga, hata akiwa wa kwanza kufika atahesabiwa amechelewa.

KUFARIKI KWAKE NA YALIYOFUATA

Afya yake iliharibika. Alikwenda Oman kutafuta nafuu, akarudi Unguja mwezi wa Machi 1888, na muda mfupi tu baada ya kuwasili akafariki. Alikuwa na umri wa kama miaka hamsini na mmoja. Alizikwa Unguja katika makaburi ya ukoo wake.

Mnara wake ulimzidi umri kwa miaka minane tu. Agosti 1896 sultani wa wakati ule, Seyyid Hamad, alifariki ghafla, na mtoto wa Barghash, Seyyid Khalid, akaingia katika jumba la kifalme bila idhini ya Waingereza. Utamu wa jumba la baba si haba. Waingereza walimpa amri atoke kabla ya saa tatu asubuhi, tarehe 27 Agosti. Saa tatu ilipopita kwa dakika mbili hivi, mizinga ikaanza. Vita vilikwisha kwa muda wa kama dakika arubaini, na vitabu huviita vita vifupi kuliko vyote duniani. Kipindi chetu kimoja cha darasani ni dakika arubaini. Katika kipindi kimoja kama hicho watu kama mia tano walikufa au kujeruhiwa. Mnara wa saa wa Barghash uliharibiwa, na mwaka 1897 ukajengwa mwingine kwenye uso wa Beit al-Ajaib lenyewe.

Seyyid Khalid alikimbilia Dar es Salaam kwa Wajerumani. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakamhamisha mbali hadi St Helena na Shelisheli, na mwishowe wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki. Alifariki hapa hapa Mombasa mwaka 1927. Watu wengi wa mji wetu hawalijui hilo, kwamba mtoto wa mwenye mnara wa saa alimalizia saa zake kwetu.

Ule mnara wa pili nao ulisimama zaidi ya miaka mia moja na ishirini, saa yake ikisomwa kwa hesabu ya Kiswahili. Tarehe 25 Disemba 2020, jumba likiwa katika ukarabati, sehemu ya mbele pamoja na mnara iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha.

TWAJIFUNZA NINI?

Kwanza, wenzangu, tusikubali tena lile neno kwamba Mswahili hana saa. Anayo, tena ana hesabu yake mwenyewe ambayo haikuazimwa kwa mtu. Siku utakapomwambia mgeni tukutane saa nne, usione haya kusema ni saa nne yetu. Mwulize yeye kwa nini siku yake huanza watu wamelala.

Pili, tusije tukaufanya utetezi huo kuwa godoro la kulalia. Wale wazee hawakusema jua letu laaminika kisha wakachelewa sala. Kuna wenzetu husingizia upwani, lakini siku ya mechi ya mpira wa nje ya mji huwa wako stejini kabla dereva hajaamka. Mtu huwahi anachokithamini. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na mtihani wa kidato cha nne hautatungoja, unakuja kama kusi.

Tatu, na hili nawaelekezea walimu wetu kwa adabu zote. Aliyechelewa kwa kulala na aliyechelewa kwa kusimama saa nzima Likoni akingoja feri, wote huonekana sawa langoni. Kumbe mmoja ameutupa wakati wake, na mwingine wakati wake umeshikwa na watu wengine, kama Barghash mwaka 1885. Naomba kwa heshima kila mmoja aulizwe kabla ya kuhukumiwa. Na kama ingewezekana, tuwekwe saa moja kubwa ukutani inayoonekana kutoka barabarani, ili sote tufuate saa moja tunayoiona, badala ya kila kiranja kufuata ya mkononi mwake. Barghash aliwafanyia hivyo wachukuzi na wavuvi wa Unguja zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Naamini wanafunzi wa Kizingo nao wanastahili.

Mungu amrehemu yeye na wote waliotangulia.